Mlio Ambao Rada Hakuusikia

Mtaani walimwita Rada. Jina lilianza zamani, siku alipokuwa ameinamia beseni la maji akitafuta tundu kwenye mpira wa ndani. Baiskeli ilipita nyuma yake, naye bila kugeuka akasema, "Huyo beringi ya pedeli yake inakata roho." Kabla jua halijazama mwenye baiskeli alirudi akiisukuma kwa mikono, pedeli moja kaibeba kwapani. Tangu hapo watu wakawa wanapunguza mwendo makusudi wakifika mbele ya karakana yake, wamsikilize atasema nini. Wengine walimletea hata pikipiki na feni. Feni alizikataa, lakini kabla ya kukataa alikuwa anazisikiliza kwanza.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba cha pili, kilichotengwa kwa pazia tu, kilikuwa cha mkewe, mshonaji, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha kwa kuwa uzazi wake wa kwanza ndio ukawa wa mwisho, na ulileta wavulana wawili kwa mpigo. Pacha wenyewe walishakuwa watu wazima wenye kazi zao mji mwingine. Walipopiga simu, Rada aliishika kidogo, akasema "ndiyo, ndiyo, vizuri," kisha akamrudishia mama yao akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi wanaongea kama wana pamba mdomoni. Mama Pacha aliipokea simu na kuendelea na mazungumzo. Yeye pamba hiyo hakuwahi kuisikia.

Mteja aliyekuja kuvuruga mambo alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye viganja vya mtu aliyezoea kumshika fahali pembe. Siku zake za mapumziko alizimalizia kwenye vilima vilivyo juu ya mji, na baiskeli yake ilikuwa ya milimani, yenye shokapu mbele na nyuma. Baiskeli ya namna hiyo fremu yake si kitu kimoja. Gurudumu la nyuma hubebwa na mkono wake wenyewe, ulioungwa na fremu kwa bolti nene, na kati ya viwili hivyo hukaa shokapu, ili gurudumu likipanda jiwe mkono uinuke na aliyekaa juu asirushwe. Raha yake ni hiyo. Karaha yake pia ni hiyohiyo, maana penye viungo vingi pana vilio vingi.

"Inalia, fundi," alisema daktari, akiiegemeza mlangoni.

"Inalia vipi?"

"Nikikaa na kukanyaga kwa nguvu. Kama mlango wa stoo. Mwanzoni nilivumilia. Sasa najiona kama kuna mtu nyuma yangu ananisengenya mlima mzima."

Rada alicheka, akaipanda baiskeli, akaenda nayo hadi barabara ya mawe inayopanda nyuma ya shule. Alikanyaga akiwa amekaa, akakanyaga akiwa amesimama. Alisikia matairi yakisaga changarawe na pumzi yake mwenyewe ikimkimbia. Zaidi ya hapo, kimya. Akashuka, akainamisha kichwa juu ya shokapu, akaukandamiza mkono wa nyuma kwa goti. Kimya. Labda, alifikiri, ni mlio wa siku za vumbi, na leo hakuna vumbi.

Aliporudi, daktari alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama kwa hamu. Watu wote wanaoleta baiskeli zinazolia humtazama fundi hivyo. Wanataka kwanza waambiwe kwamba hawajawehuka.

"Umeusikia?"

"Nimeusikia," alisema Rada.

Neno lilitoka lenyewe, kama mguu unavyokanyaga ngazi ya nyumbani gizani. Jina lake lilikuwa Rada. Angejibu nini kingine?

Alifanya ambacho fundi yeyote mwenye busara angefanya, kwa sababu mlio unaosikika nyuma mara nyingi hautoki nyuma. Alichomoa nguzo ya kiti, akaifuta mchanga, akaipaka grisi. Akakaza reli za kiti. Akafungua pedeli, akasafisha nyuzi zake za skrubu. Daktari akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, na kabla hajafika mlangoni alikuwa anatikisa kichwa. Rada safari hii alifungua shokapu, akabadilisha bushi, zile pete zake za juu na chini, akavifungua viungo vyote vya mkono wa nyuma, akavilisha grisi mpaka ikatokeza pembeni, akafunga kila bolti kwa kipimo chake. Ilikuwa kazi safi. Aliifanya kwa moyo wote, akitumaini kwamba katika yote hayo mlio utakuwa umekufa mahali fulani bila yeye kuutambua.

Haukufa. Mara ya tatu daktari aliingia na viatu vya tope, moja kwa moja kutoka kazini, akakaa kwenye kigoda bila kulalamika. Uchovu ulimfanya acheke.

"Nikiwa mgeni kazini," alisema, "nililetewa ng'ombe anayechechemea. Nikamtibu kwato. Akaendelea kuchechemea, nikamtibu kwato tena. Kumbe ni bega. Mnyama hakuambii panapouma. Tangu siku hiyo naanza na mikono. Napapasa kiungo kimoja kimoja mpaka pale atakaposhtuka."

"Bahati mbaya baiskeli haishtuki," alisema Rada.

"Hii inashtuka. Tazama." Akainuka, akaegemeza uzito wake wote juu ya kiti, akaachia, akaegemea tena.

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza. "Jamani!" sauti ya Mama Pacha ikaja. "Kitu gani hicho kinakwaruza hivyo? Mpaka meno yananisisimka!"

"Umeona? Hata mama kausikia," daktari alisema.

Rada alitabasamu. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kiti kile, akitazama mkono wa daktari ukipanda na kushuka, na hakusikia chochote. "Niachie," alisema. "Niachie mpaka nitakapokuita."

Daktari alipokwisha kuondoka, Mama Pacha alitoka nyuma ya pazia, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Alikwenda kwenye baiskeli, akakandamiza kiti.

"Umesikia?"

"Nini?"

Akakandamiza tena, kwa nguvu. "Na sasa?"

Rada aliutazama mkono wa mkewe, kisha uso wake. Angeweza kumwambia nimesikia. Alikuwa amelisema mara nyingi siku za karibuni, kwa watu wengi. "Hapana," alisema.

"Mume wangu, mlio huo umenitoa kwenye mashine."

"Labda ni mwembamba sana."

"Ni mwembamba, ndiyo. Kama mtoto wa panya." Akaketi kwenye kigoda alichokiacha daktari. "Kuhusu simu nilijua. Kwamba mlango ukigongwa husikii, nilijua. Kwamba umefika mpaka kazini, hilo sikulijua."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikwambia mara ngapi? Ulinijibu kwamba nanong'ona."

Mama Pacha hakusema zaidi, na afadhali angesema, maana Rada alikuwa na majibu tayari ya kumrushia na sasa hayakuwa na pa kwenda. Alitoka nje hadi bombani, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Mbele ya macho yake zilipita baiskeli za miezi ile yote. Yule mwenye duka aliyesema gurudumu lake linaimba, akamwambia ni breki mpya, zitazoea. Dada mmoja aliyelalamikia cheni, akamwambia tia mafuta. Wangapi walirudi kwake? Na wangapi walikwenda kwa fundi mwingine kimya kimya ili wasimvunjie heshima?

Maji yalikuwa bado yanatiririka mikononi mwake alipokumbuka ng'ombe wa daktari.

Aliingia ndani, akasogeza meza ya kazi ili kupisha nafasi, akamwambia mkewe, "Kaa kitini."

"Nani, mimi?"

"Panda, shika ukuta, jirushe-rushe kidogo. Kila ukisikia, sema 'hapo'."

Mama Pacha alikusanya gauni lake, akapanda. Mlango ulikuwa wazi, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaona kila kitu. "Mama Pacha!" akapaza sauti, mkasi ukiwa juu ya kichwa cha mteja. "Mbona safari hiyo haifiki?"

"Nakwenda kwenu kumwambia mama yako akulee upya!" alijibu, na kuanzia hapo akawa anajirusha kwa raha.

"Hapo," alisema. "Hapo. Hapo."

Rada alipiga magoti, akaweka ncha za vidole kwenye nguzo ya kiti. Hakuna kitu. Akaweka kwenye reli. Hakuna. Alikitoa kiti chote na nguzo yake, akamwambia mkewe ashuke aikandamize fremu kwa viganja. "Hapo," Mama Pacha alisema bado, na kiti kikafutwa katika orodha ya washukiwa. Akaitoa cheni. "Hapo." Akalichomoa shokapu, akauacha mkono wa nyuma uning'inie mtupu, akaupandisha na kuushusha. Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Sasa kimya." Akalirudisha shokapu, akakandamiza. "Hapo tena."

Kwa hiyo kitu kile hakikulia kwa kutembea tu. Kililia kikibebeshwa mzigo. Rada alianza kupita kiungo kwa kiungo, polepole, kama mtu anayehesabu mbavu za mtoto aliyeanguka. Juu ya shokapu, chini ya shokapu, kushoto mwa bolti kubwa. Alipofika kulia, chini kidogo ya bolti, vidole vyake vilipokea tetemeko dogo mno, mithili ya mshipa wa shingo unavyopiga chini ya ngozi.

"Hapo," alisema Mama Pacha.

"Hapo," alisema Rada kwa wakati huohuo.

Wakatazamana. Mama Pacha alikandamiza tena, naye akaupokea tena. Hakuwa anausikia mlio, lakini alikuwa ameushika, na kwa muda mfupi furaha ilimjaa kifuani kama ya siku za ujana wake wa kazi.

Aliifungua bolti. Ilikuwa safi, inang'aa, imelala kwenye grisi aliyoitia yeye mwenyewe. Beringi nayo nzima. Basi si bolti. Akalowesha kitambaa kwa spiriti, akaifuta ile grisi yote iliyotokeza pembeni, akavaa miwani, akawasha tochi. Kwenye chuma palikuwa na unywele. Akaufuta. Haukutoka. Akaupitishia ukucha, ukucha ukakwama.

"Ni nini?" aliuliza mkewe.

Hakujibu, na safari hii mkewe hakujua kama hakumsikia au hakutaka kusema.

"Ufa," alisema mwishowe. "Mkono umepasuka. Kila akikaa, kingo zinasuguana."

"Ungevunjika?"

"Ungevunjika. Na vitu hivi havivunjiki ukiwa umesimama nyumbani. Ni mteremkoni, mtu akiwa kasi."

Ile furaha ilikuwa imekwisha. Alikaa sakafuni, kitambaa mkononi. Mlio ule ulikuwa ukiomba msaada, na yeye aliuletea grisi. Tena ile grisi ndiyo iliyoufunika ufa, jicho lisiuone. Kutosikia hakukuwa kosa lake. Ila aliulizwa, akajibu.

Mama Pacha akaanza, kwa upole, "Wahenga walisema mficha maradhi..."

"Nitamalizia mwenyewe," alisema Rada. "Niitie daktari. Akiwa kwenye simu sitamsikia vizuri. Mwambie aje, na mwambie nitamweleza mwenyewe."

Daktari alikuja alasiri. Rada alimshika kidole, akakiweka juu ya ufa, akangoja mpaka akauhisi. Kisha akasema, akimtazama machoni, "Nilipokwambia nimeusikia, sikuwa nimeusikia. Sijawahi kuusikia mpaka dakika hii. Masikio yangu yamepungua, nikaona aibu. Leo mke wangu ndiye aliyesikia, mimi nimepapasa."

Daktari aliupitishia ufa ukucha wake, ukakwama.

"Jumapili nimeshuka nayo kilima cha mawe," alisema. "Ilikuwa inalia kuliko siku zote. Nikajiambia, usiogope, si fundi keshaipima?"

"Najua."

"Hujui. Nina mtoto. Nikitoka hukaa dirishani mpaka nirudi."

Nyuma ya Rada, Mama Pacha alivuta pumzi kutaka kumtetea. Rada aliinua mkono kidogo kumzuia. Daktari aliichukua baiskeli yake ikiwa haina cheni, akaisukuma barabarani bila kuaga, na mkono wa nyuma ukawa unachezacheza kila alipovuka shimo.

Hospitalini walimwingiza Rada kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvika vifaa vya masikioni, wakampa kitufe. Kila akisikia mlio, abonyeze. Mpimaji, binti wa umri wa pacha wake, alikaa upande wa pili wa kioo akishughulika na mashine. Rada alikaa wima, kidole juu ya kitufe, makini kama mtu aliye kwenye mtihani. Alibonyeza mara kadhaa kwa milio minene. Halafu palitulia. Akangoja. Akafikiri binti anatengeneza kitu, akamvumilia. Mlango ukafunguliwa.

"Hii ya milio myembamba tunaanza lini?" aliuliza.

"Tumeshamaliza, baba," binti alisema.

Hapo ndipo alipolia kidogo, mbele ya mtoto wa watu, na mtoto wa watu akajifanya anapanga waya.

Kifaa alichopewa kilikaa nyuma ya sikio kama punje ya harage. Siku za mwanzo alikichukia. Kila kitu kilimrukia: viatu vyake, vijiko, mfuko wa plastiki ambao ulipiga kelele kama moto wa kuni. Spana ikianguka sakafuni alishtuka kama kapigwa. Karakanani akawa anakivua, kwa sababu vidole alikwisha kuvizoea. Wateja aliwaambia mwenyewe mapema, kabla hawajashusha baiskeli: "Milio myembamba mimi siisikii. Niigizie." Basi mtaa ukajaa watu wazima waliosimama mlangoni kwake wakisema kwi-kwi, tok-tok, nyee-nyee, na kinyozi wa ng'ambo akafunga redio yake kwa kuwa hakuwa na haja nayo tena. Baadhi ya wateja walihama. Wengine walibaki, na Mama Pacha akawa anaitwa pazia likiwa wazi, akikandamiza viti vya watu huku pini ziko mdomoni.

Hata jina lilijaribu kumtoka. Kuna waliomwita Vidole. Halikushika.

Daktari wa mifugo alirudi mvua zilipokuwa zimekatika. Alikuwa na baiskeli, na mkono mpya wa nyuma uliofungwa kwenye magazeti.

"Aliyeniuzia hakubisha," alisema. "Alipouona ufa akaagiza mwingine."

"Mafundi ni wengi," alisema Rada. Hakusema kwa kujinyenyekeza. Alitaka kujua.

"Wengi. Mmoja nilimpelekea, nikamwambia inalia. Akasema ndiyo, anausikia." Daktari akaachia cheko fupi. "Nilikuwa sijaipanda bado. Yenyewe imelala kwenye gari, inalia vipi?"

Waliufunga pamoja, yeye akishika, Rada akikaza. Hawakuongelea kilima cha mawe. Hasira ya daktari, kama bado ilikuwepo, ilikuwa imepata mahali pa kukaa na haikuhitaji kuonyeshwa. Kazi ilipokwisha Mama Pacha alikandamiza kiti, akainamisha kichwa, akakandamiza upande wa pili, akatikisa kichwa kwamba hapana kitu. Daktari alipanda barabara ya nyuma ya shule amekaa, akakanyaga kwa nguvu, akatokomea kwenye kona.

Jioni ile Rada alivaa kifaa chake kabla ya kuvuka pazia. Mkewe alikuwa anafumua mshono, akijisemea.

"Unasemaje?" aliuliza.

"Si kitu. Kuna mteja kaleta gauni nilipunguze kiunoni, na wiki iliyopita nililiongeza."

"Kwa nini hujaniambia?"

Mama Pacha aliendelea kufumua. "Nilikuwa nakwambia vitu kama hivyo zamani. Ikafika mahali kila kitu nakipazia sauti. Jambo dogo ukilipigia kelele, linageuka upuuzi. Gauni la mtu mara kubwa, mara dogo, hilo ni la kupiga ukunga? Nikawa nakuambia makubwa tu. Msiba, kodi, watoto."

Rada alitafuta mahali pa kukaa kati ya vitambaa. Hakujua ni mambo madogo kiasi gani yaliyokuwa yamepita hivyo kwenye chumba kile, umbali wa pazia moja, na hakukuwa na namna ya kuyarudisha. Alisogeza mkasi, akaketi.

"Ni yupi huyo wa gauni?" aliuliza. "Yule mwenye mwavuli wa kijani?"

"Siye. Huyo wa mwavuli ana kisa chake," alisema Mama Pacha, na akaweka nguo chini.